Nje ya Masomo Ulikuwa Unafanya Nini?



Mwezi uliopita kijana mmoja wa Mongbwalu alinitumia ujumbe kwa simu. Amemaliza masomo ya uchumi, anataka kuomba nafasi katika shule ya biashara kule Nairobi, na pointi zake si mbaya. Lakini kuna ukurasa mmoja wa karatasi ya maombi uliomshinda. Pale wanauliza: nje ya masomo na nje ya kazi, ulikuwa unafanya nini? Klabu gani, mchezo gani, uongozi gani? Chini yake kuna mistari kumi mitupu. "Dada," akaniandikia, "niweke nini hapa? Tangu darasa la tatu, saa zangu za nje ya masomo ni kuosha mchanga wa dhahabu na kubeba wadogo zangu mgongoni."

Nikamwambia angoje kidogo. Mistari ile naijua. Mwaka wa 2021 iliniweka macho wazi usiku kwa muda wa miezi miwili, hata nikafanya jambo ambalo mpaka leo naona haya kulisema. Nitalisema hapa, maana najua katika machimbo yetu kuna wazazi wengine wenye watoto wenye akili ambao kesho watakutana na ukurasa uleule.

Mimi nilizaliwa upande wa Nizi, katika Djugu, mwaka wa 1991. Baba alikuwa mfanyakazi wa Kilo-Moto, ile kampuni ya dhahabu ambayo wazee wetu wanaiita vile hata kiisha kugeuka kuwa OKIMO na nyuma SOKIMO. Mwaka wa 2003, vita vilipochacha, tulivuka Ziwa Albert tukafikia kambi ya Kyangwali, Uganda. Baba hakuvuka. Nilikuwa na miaka 12, nami ni mzaliwa wa kwanza, nyuma yangu kuna wanne. Pale kambini nilisoma kwa Kiingereza miaka mitano, na Kiingereza kile ndicho kilichonifungulia mlango baadaye. Shule ya kambi ilikuwa na klabu ya kujadiliana, kila Jumatano saa tisa mchana. Lakini saa tisa ilikuwa saa ya bomba la maji, na asiyekuwa kwa mstari saa tisa, kwao hawapiki. Basi miaka mitano nilisikia wenzangu wakipiga makofi ndani ya darasa, nami niko inje na madumu yangu mawili.

Tulirudi mwaka wa 2008. Nikapata diploma ya serikali, nikasoma gestion hapa Bunia mpaka lisansi, nikaanza kazi ya karani wa hesabu kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu mwaka wa 2016. Kazi yenyewe ni kupima, kuandika, kupima tena. Mchana ofisini, jioni kwa wadogo, Jumamosi kwa mama kijijini. Mtu akiniuliza kama nilicheza tenisi, nimjibu nini?

Kwanza tuwaelewe hao wanaouliza, maana wana sababu. Shule ya biashara ya Harvard, kule Marekani, ilifunguliwa mwaka wa 1908, nayo ilikuwa ya kwanza kutoa ile digrii ya MBA. Pale mwalimu hasimami mbele kuwaandikisha wanafunzi maneno yake. Wanapewa habari ya kampuni ya kweli yenye taabu, wanaisoma usiku, na asubuhi wanashindana kwa maneno: mkubwa huyu afunge kiwanda ao asifunge? Shule nyingine nyingi zimefuata njia hiyo. Sasa, katika darasa la namna hiyo, mwanafunzi anajifunza nusu kwa mwalimu na nusu kwa wenzake. Mtu asiyewahi kuongoza kitu, asiyewahi kugombana na watu na kupatana nao tena, anakula maarifa ya wengine bila kutoa yake. Ndiyo sababu wanataka kujua: nje ya daraja za masomo, weye ni mtu gani? Ulishaacha kitu chochote kikiwa kizuri kuliko ulivyokikuta?

Swali si baya. Ubaya ni kwamba lilikatwa kwa kipimo cha mtoto ambaye baba yake analipia piano na safari za likizo, na mtoto wa Djugu analivaa kama koti la mkubwa. Wazungu wenyewe wameliona. Mwaka wa 2016 watu wa shule ya elimu ya Harvard walitoa andiko wakiomba vyuo vihesabu pia kazi za kutunza jamaa, sana sana kwa watoto wa maskini. Na ile karatasi ya maombi inayotumiwa na mamia ya vyuo vya Marekani kwa wanaotoka sekondari, inayoitwa Common App, inatoa nafasi kumi za shughuli, na kati ya aina za shughuli unazoweza kuchagua kuna kazi ya mshahara na kuna madaraka ya nyumbani. Kulea wadogo kunahesabiwa pale. Lakini mimi mwaka ule sikuyajua hayo, na aliyekuwa karibu yangu hakuyajua pia.

Aliyekuwa karibu yangu alikuwa mtoto wa baba mdogo, kijana aliyesoma Kinshasa, mwenye maneno mengi. Akaitazama karatasi yangu, akacheka. "Yaya, unalilia nini? Andika uko prezida wa timu ya mupira ya wasichana. Nani atatoka Nairobi kuja kuangalia timu huku kwetu?" Akaniambia tena kwamba kuna mtu karibu na soko, ana mashine ya kopi na mihuri ya kila namna. Dola tano, unapata barua ya kamati nzima.

Niliandika. Sitaficha. Niliandika kwamba kwa miaka mitatu nimeongoza timu ya wasichana 30, waathiriwa wa vita. Nilichagua hata rangi ya jezi, kijani na nyeupe. Ajabu ni kwamba maneno yalitiririka. Jambo la kweli nilishindwa kuliandika miezi miwili, na timu isiyokuwa niliimaliza kwa usiku mmoja.

Ilibaki barua ya shahidi. Kwa mtu wa mihuri niliogopa, basi nikaenda kwa mama mmoja mzee wa kijiji chetu, aliyekuwa wakati ule katika kambi ya wakimbizi hapa Bunia. Tulimwita mama kiongozi. Nilifikiri nitamwomba atie sahihi kama mlezi wa timu, na kwa sababu ananipenda hatauliza mengi. Yeye hakusoma sana. Akaniambia, "Nisomee kwa Swahili." Nikasoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, anaondoa mawe katika maharagwe.

"Hii timu inacheza wapi?"

Nikanyamaza.

"Miye nilitia kidole kwa kitabu chako miaka tatu, sababu hesabu yako haidanganyaka. Leo unataka nitie kidole kwa timu yenye haiko?" Akamwaga mawe chini. "Na likelemba, umeandika?"

Nikacheka. Nikamjibu, "Mama, ile si kitu cha kuandika. Ile ni likelemba tu."

Akaniangalia sawa vile mtu anavyomwangalia mtoto aliyepoteza feza njiani na hajui.

Sasa niwaeleze ile likelemba. Ninyi wenyewe mnaijua, ni kundi la kutoa feza pamoja na kupokea kwa zamu, lakini hii ilikuwa na njia yake. Mwaka wa 2016 mama yangu na wenzake, wale wanaouza chakula kwa wachimbaji, waliungana kwa idadi ya 24. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa franga 5,000, jumla 120,000, na mmoja anakula zote. Kiisha majuma 24, mzunguko unaanza upya. Karani wao wa kwanza alikuwa anapoteza makaratasi, kwa hiyo wakanitafuta mimi. Shida ya kwanza ilikuwa kwamba wengine walileta mchanga wa dhahabu pa nafasi ya franga, wakipima kwa kijiti cha kiberiti, na bei ya kijiti katika shimo si bei ya kijiti mjini. Kila Jumamosi ugomvi. Nikaweka sheria: dahabu inauzwa kwanza, feza inaingia nyuma, na bei ya siku inaandikwa juu ya ukurasa ili kila mmoja aione. Ugomvi ukapungua. Haukuisha, mnawajua wamama wetu.

Mwezi wa sita mwaka wa 2019 mauaji yalirudi katika Djugu. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilisema zaidi ya watu 300,000 wamekimbia kwa majuma machache. Kijiji chetu kilikuwa katika hesabu hiyo. Wengine walifika Bunia, wengine walivuka ziwa, wengine walikimbilia milima ambako sisi hatukuweza tena kukanyaga, wala wao kukanyaga kwetu. Nyumba ya mama iliungua, na kitabu cha likelemba kilikuwa ndani, chini ya godoro.

Tulikuwa katika juma la 15. Angalieni hesabu hii, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Wamama 15 walikuwa wamekwisha kula. Kila mmoja ametoa 75,000 na amepokea 120,000, kwa hiyo ana deni la franga 45,000. Wamama 9 hawajakula bado. Kila mmoja ametoa 75,000 na hakupata kitu. Kumi na tano mara 45,000 ni 675,000. Tisa mara 75,000 ni 675,000. Feza yote iko, haikuibiwa na mtu, ila iko mikononi mwa wakimbizi waliopoteza kila kitu, na wenye kuidai ni wakimbizi vilevile.

Hakuna aliyenituma. Katika kambi, nikanunua daftari, nikaandika majina 24 kwa kichwa. Majuma yote 15 niliyakumbuka, nani alikula lini, kwa sababu kila mmoja nilikumbuka alinunua nini: mbuzi, mabati, feza za shule, jeneza. Nilipomaliza nikawasomea mama kiongozi na wengine saba waliokuwa kambini. Walisahihisha jina moja tu. Wakatia vidole.

Mama yangu mwenyewe alikula juma la 11. Alinunua mabati, na yale mabati yalibaki huko. Basi deni la kwanza nililopaswa kulidai lilikuwa la mama yangu, franga 45,000, karibu dola 27 kwa wakati ule, na yeye alikuwa analala chini ya hema ya plastiki. Nilizunguka juma zima bila kusema. Siku ya Jumamosi akaja mwenyewe na kitenge chake cha harusi ya dada yake, akasema, "Uuze hii, uandike jina langu mbele, kusudi wengine wasikuone kama unawaonea." Kilitoa 28,000. Iliyobaki nililipa kwa mshahara wangu, na ile pia niliiandika wazi.

Kazi hii ilichukua mwaka na nusu. Simu, ujumbe, kungoja. Mama mmoja aliyekuwa upande ule ambako hatukanyagi alituma 45,000 zote kwa njia ya madereva watatu wa pikipiki, kila mmoja akimpa mwenzake mpakani mwa eneo lake, na hakuna aliyechukua hata franga. Yeye na mmoja wa wale aliokuwa akiwalipa, vijana wao walikuwa wanatafutana kwa silaha. Sina la kuongeza juu ya jambo hilo. Nililiandika tu: jina, tarehe, 45,000.

Mwisho wa mwaka 2020 hesabu ilisimama hivi: wanane walilipa zote, 360,000. Watatu walilipa sehemu, jumla 63,000. Wanne hawakulipa kitu. Tuligawa 423,000 kwa wale tisa, kila mmoja 47,000 pa nafasi ya 75,000. Wengine walilia kwa furaha, mmoja alinung'unika kwamba nimempunja. Nikamfungulia daftari.

Na jambo hili lote, wasomaji, nilipokaa mbele ya karatasi ya maombi sikuliona. Nilitafuta kitu chenye jezi.

Nilirudi nyumbani nikapasua karatasi ya mpira, nikaanza upya. Andiko la kwanza lilikuwa kilio kitupu: moshi, damu, hema, baba. Kurasa tatu. Nilipolisoma asubuhi nikaona kwamba msomaji atanihurumia, lakini hatajua ninaweza kufanya nini. Nikafuta. Nikabakiza yale ambayo karani angebakiza: watu wangapi, feza ngapi, muda gani, nilibadilisha nini, nini kilinishinda. Kwa hiyo mistari kumi ikatosha. Yale ya vita niliyaweka mahali pengine, katika ile nafasi ndogo wanayoacha kwa "habari nyingine," kwa sentensi tatu: kwamba tangu miaka 12 nimekuwa mwenye kutunza nyumba ya watu sita, kwamba nimekimbia mara mbili, na kwamba kwa sababu hiyo hamtaona klabu katika miaka yangu ya shule. Bila kuomba radhi, bila kulaumu.

Nilijaribiwa pia kujiandikisha upesi upesi katika vikundi vitatu vya mjini ili majina yajae. Watu wengi wanafanya vile, miezi miwili mbele ya kuomba. Lakini mtu wa kusoma maombi naye anajua kuhesabu miezi. Kama una mwaka mmoja mbele yako, shika kitu kimoja ulicho nacho tayari, ukiongoze mbele. Kama una miezi miwili tu, eleza vizuri ulichokwisha fanya. Na shahidi awe mtu aliyekuona, hata kama si mkubwa wa ofisi. Barua ya mama kiongozi niliiandika mimi kwa maneno yake, ikatafsiriwa na mwalimu, na mwisho wake kuna alama ya kidole na maelezo kwamba ni kidole.

Niliomba shule mbili. Ile ya Ulaya ilinijibu kwa mistari miwili kwamba hapana. Ile ya Nairobi ikaniita kwa mahojiano ya kuonana kwa kompyuta, mwanzo wa 2022. Wakati ule tulikuwa chini ya utawala wa kijeshi uliowekwa katika Ituri mwezi wa tano mwaka 2021, na mtandao unakatika kama uzi. Tajiri wangu akaniachia ofisi yake. Walikuwa watu wawili, baba na mama. Nilianza kueleza likelemba kwa Kiingereza kigumu cha vitabu, maneno marefu marefu, mpaka yule baba akanikatiza kwa Kiswahili: "Ngoja kwanza. Hiyo si chama?" Wakacheka wote wawili. Kumbe kwa Wakenya jambo hili lina jina, na mama zao wote wamo.

Kiisha yule mama akaacha kucheka. Hakuuliza juu ya wale wanane waliolipa. Akauliza, "Na wale wanne?"

Nikamwambia. Mmoja alikufa kwa kuzaa katika kambi, na wale tisa walikaa wakakubaliana deni lake lifutwe, nami nikalipiga mstari mbele yao. Mmoja yuko Uganda, namba yake haiingii. Mmoja anaweza kulipa na hataki. Mmoja sijui kama yuko hai, jina lake liko katika daftari, ukurasa wake hauna kitu. Akauliza kama nilifanya kosa mahali. Nikasema ndiyo: nilikubali kitabu kimoja tu, chini ya godoro moja. Siku hizi vitabu ni viwili, katika nyumba mbili.

Walinipokea, na nusu ya karo. Nusu nyingine ilinigharimu mwaka mzima wa kungoja na kutafuta. Ni habari ndefu, tuiache.

Tangu pale, yule wa Uganda alipatikana, akalipa kidogo kidogo. Yule asiyetaka bado hataki. Daftari sasa liko kwa mdogo wangu wa kike.

Juu ya kijana wa Mongbwalu: nilimpigia simu. Nikamwuliza, pale shimoni Jumamosi, mifuko ya mchanga inapogawanywa kati ya mwenye shimo na wachimbaji, ni nani anayeandika?

"Ni miye. Wengine hawajui kuandika."

"Tangu lini?"

"Tangu niko na miaka 14."

"Ulishapata ugomvi?"

Akacheka kwa simu. "Dada, kila Jumamosi."

Nikamwambia aanze na ile Jumamosi iliyokuwa mbaya kupita zote. Juzi alinitumia andiko lake. Lina mistari 23, nasi tunapunguza.